Mwanaume Asiyeimbwa

Maneno haya niliyasema mbele ya wanafunzi wa sanaa za maonyesho na wasanii wa vikundi vya mitaani, hapa Dar es Salaam. Baadhi yao waliniomba maandishi. Nimeyanyoosha kidogo tu.

Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu wa vikundi, poleni na foleni. Wanafunzi, nyie nawajua, mmekuja kwa sababu mahudhurio yanaandikwa. Karibuni hivyo hivyo.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie "mwanamke na sanaa". Nimezoea. Kila ukikaribia mwezi wa tatu hutafutwa nizungumzie mwanamke na kitu fulani: mwanamke na mazingira, mwanamke na ujasiriamali, mwanamke na maji. Sijawahi kualikwa kwenye kongamano la mwanaume na maji. Basi mniwie radhi, leo nitamzungumzia mwanaume. Nitamzungumzia yule ambaye hapandi jukwaani, haimbwi, hatajwi, na ndiye chanzo cha ugomvi wote tunaolipia kiingilio kwenda kuutazama.

Nianze na mama yangu.

Mama alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Siku sita za wiki ungekaa naye usisikie sauti nyingine ila ya sindano. Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alioga mapema, akajifukiza udi, akavaa doti mpya, moja kiunoni na moja mabegani. Jumapili ninayoisema, miaka ya tisini mwanzoni, alichukua noti ya shilingi 500, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akaniambia, "Vaa viatu." Tukaenda ukumbi wa baa moja huko Temeke, kikundi kikubwa cha sanaa kilikuwa kinatumbuiza.

Nyie mliozaliwa na simu mkononi hamjui maonyesho yale yalivyokuwa. Kiingilio kimoja, unapata vyote: ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza wenye mchawi na mama wa kambo, na mwisho kabisa, watu wameshachoka na watoto wamelala kwenye viti, taarabu. Taarabu ndiyo waliyoingoja. Wimbo ulipoanza mama alikuwa bado ametulia. Mwimbaji alimsema mwanamke fulani: hana haya, hana chake, anahangaika kwenye milango ya wenzake kutafuta cha mtu. Kwenye kiitikio mama akainuka. Akafungua pindo, akaenda mbele akicheza taratibu, noti juu, mabega yanazungumza. Hakwenda moja kwa moja kwa mwimbaji. Alizunguka meza hadi akafika kwa jirani yetu, nitamwita Mama Pili, akasimama mbele yake na kuipepea ile noti usawa wa uso. Ndipo akaenda kutunza. Vigelegele vilikaribia kung'oa bati.

Baba naye alikuwepo, meza ya nyuma, na rafiki zake. Alipiga makofi kuliko watu wote.

Nilikuwa na miaka tisa. Usiku ule nililala nikijua kwamba Mama Pili ni adui yetu.

Sasa tuvue macho ya mtoto, tuvae ya kazi. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, CCM ilianzisha kikundi chake, Tanzania One Theatre, TOT tunayoijua, chini ya Kapteni John Komba. Muungano ya Norbert Chenga ilikuwa tayari na jina. Mashindano ya vikundi vile viwili yaliugawa mji huu kama Simba na Yanga, na silaha zao zilikuwa wanawake wawili: Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis, yule tuliyemwita Kidogo, wa Muungano. Huyu akitoa kijembe leo, yule anajibu wiki ijayo. Wanawake wa Manzese na Magomeni waliyajua majibu yale kwa moyo kabla kanda hazijafika dukani. Tuliita mipasho, tukaita rusha roho, na kwa kweli roho zilirushwa.

Zitazameni nyimbo zile kama mwandishi wa mchezo anavyotazama wahusika wake. Wahusika ni wawili. Mmoja anasema "mimi", wa pili anasemwa "wewe". "Wewe" ni mwanamke. "Mimi" ni mwanamke. Wanagombea mwanaume. Sasa tuulizane: huyo mwanaume anaitwa nani? Ana umri gani? Kasema nini, kaahidi nini, kalala wapi juzi? Haisemwi. Yeye ni kama mpira: wachezaji 22 wanaumizana ugoko, kadi zinatolewa kushoto na kulia, na mpira haujawahi kuonyeshwa hata ya njano.

Na nyimbo nyingi katika hizo kalamu ilikuwa ya mwanaume. Kinanda cha mwanaume, gitaa la mwanaume, mkoba wa mapato wa mwanaume, na mbele kabisa, chini ya taa, mwanamke aliyevaa gauni linalometameta anamtukana mwanamke mwenzake kwa maneno aliyoandikiwa.

Msije mkasema naidharau mipasho. Niambieni mahali pengine katika mji huu ambapo muuza samaki wa Feri angesimama mbele ya watu 500 akapigiwa makofi kwa sababu tu ameamua kusimama. Msikitini hapana. Kanisani hapana, labda kwaya. Kwenye mkutano wa serikali ya mtaa angeambiwa akae. Ule ukumbi ulimpa mwanamke mwili wake na sauti yake kwa dakika nne. Kinachonikereketa ni kwamba dakika nne hizo zilikuwa zimeshapangiwa pa kwenda. Hasira ilifunguliwa mlango, ikaelekezwa kwa Mama Pili.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, na hili ndilo ninalotaka mlijue kuliko yote nitakayosema leo.

Rudini nyuma hadi Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, karibu na mwaka 1880, mtoto wa watu waliotoka katika utumwa. Alikuwa akiuza vyungu. Anavibeba kutoka shamba hadi mjini, anavitangaza njia nzima, na wazee husema sauti ile ilianzia pale, kwenye kunadi vyungu. Mwaka 1911 hivi akahamia mjini. Taarabu wakati huo ilikuwa jambo la wakubwa; Sultani Barghash ndiye aliyeileta ikulu kutoka Misri, na vilabu vya kwanza, kama Ikhwani Safaa cha 1905, vilikuwa vya wanaume na nyimbo zao za Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, akaihamishia Ng'ambo, mtaa wa watu wa chini. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Wenzake walipoona jina linakua walimtungia kijembe ambacho pwani nzima inakikumbuka: alianza lini kuwa mtu, huyu aliyeingia mjini na kaniki? Kama si sauti angekula nini? Mnaona, mipasho haikuanza Temeke.

Usiku watu walikusanyika nyumbani kwake. Kuna waliosikiliza, kuna waliotunga, na habari za siku ziliingia pale kama zinavyoingia barazani: nani kafungwa, nani kadhulumiwa kiwanja, karani gani wa serikali kala fedha. Na ndipo ikaingia habari ya Kijiti.

Kijiti alikuwa mwanaume. Mwanamke mgeni alivuka kutoka bara kuja Unguja kutembea. Kijiti akamchukua matembezini, wako pamoja na wanawake wengine, vinywaji vimenunuliwa. Alimpeleka vichakani, na yule mwanamke hakurudi hai. Kijiti akavuka bahari akatorokea bara. Kesi ikaja. Waliosimama mbele ya hakimu wakaeleza walichokiona ni wale wanawake waliofuatana na marehemu. Na waliofungwa ni hao hao, kwa kuwa wao ndio walionunua pombe.

Siti na wenzake wakaufanya wimbo. Sikilizeni wimbo ule unaanza na nini: unawaita watu watazame alichofanya Kijiti. Jina lake liko mstari wa kwanza. Haujaanza na gauni la marehemu, wala haujauliza alifuata nini huko usiku. Mwanaume katajwa, kitendo chake kimetajwa, na hakimu na hasira zake za kizungu kaingizwa humo humo. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza, mahakama ni yao, na mwanamke aliyezaliwa chini kabisa ya jamii ile anaimba hukumu nyingine, na watu wanaiimba sokoni. Kijiti aliiponyoka mahakama. Leo, karibu miaka mia, tunamjua kwa jina na hatumjui yule hakimu.

Waandishi wa habari wanawake walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, wakatafuta jina la jarida, waliliita Sauti ya Siti. Walijua wanamchagua bibi yupi.

Ndani ya kundi la Siti wapigaji na watunzi wengine walikuwa wanaume: kina Budda Swedi, Mbaruku, Maalim Shaaban. Kwa hiyo dada zangu, msitoke hapa mkasema mwalimu kakataza wanaume kutunga. Nasema hivi: wale wanaume walikaa sebuleni kwa mwanamke, wakanywa kahawa yake, na habari iliyogeuzwa wimbo ilikuwa habari ya mwanamke aliyeuawa. Aliyekaa kwa nani, hilo si dogo. Miaka sabini baadaye mwimbaji wa kike alikwenda kazini kwenye kikundi cha chama, akapewa karatasi.

Mombasa nako wanawake hawakungoja kupewa karatasi. Lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, kabla haijawa picha ya kalenda ya watalii, ilikuwa serikali. Vyama vyake vilikuwa na viongozi, vyeo, michango, sare, na uhasama wa kufa na kupona. Wapo waliojitokeza na sare za manowari, wanawake watupu, wakipiga saluti barabarani. Ukifanya jambo la aibu, nyimbo zinakungoja. Na hapa kwetu, mnadhani Bibi Titi Mohamed alitokea wapi? Alikuwa mwimbaji kwenye ngoma, kikundi cha Bomba. TANU, chama kilichodai uhuru, ilipotaka wanawake mwaka 1955 haikuanza na matangazo ya gazeti. Bibi Titi alizifuata ngoma, akazungumza na viongozi wa ngoma, na maelfu wakaja. Waingereza walikuwa wakiziona zile kanga na kusikia zile ngoma kila jioni.

Nipite kwa Bi Kidude kidogo, maana nikimruka mtanizomea. Fatuma binti Baraka, aliyetutoka Aprili 2013, aliimba nyimbo za Siti, akapiga ngoma za unyago hadi uzeeni kabisa, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, huko Ulaya. Wageni walimpenda kwa sigara yake. Kila filamu, sigara. Kila gazeti, sigara. Ni wachache waliouliza kile alichokuwa akifundisha ndani, mlango umefungwa, mbele ya wasichana.

Unyago una pande mbili, na mtu anayewaambia una upande mmoja hajaingia. Upande mmoja unamfundisha msichana kumtunza mume kama vile mume ni yai. Upande wa pili unamwambia mwili wako una haki, na kama huyo mume hajui kazi, hii hapa namna ya kumfundisha. Ila tazameni kama watu wa jukwaa: ukumbi hauna mwanaume hata mmoja, na mwanaume yumo katika kila ubeti. Anaigizwa anavyokohoa akirudi usiku, anavyotembea akiwa na fedha na anavyotembea akiwa hana. Mwanamke anavaa kanzu na kofia, anashika bakora, wenzake wanavunjika mbavu. Temeke ukumbi ulijaa wanaume na nyimbo hazikuwa na mwanaume. Kule ndani ni kinyume chake.

Hii inanipeleka kwenye dera.

Mnajua ninachokisema. Fungua simu sasa hivi: kijana wa kiume, ndevu kidogo, kavaa dera, wigi limekaa upande, kajaza matambara kiunoni. Anaigiza mama mkwe mwenye roho mbaya. Dakika ya pili anaigiza mke anayetaka hela. Dakika ya tatu dada wa kazi anayemtega baba mwenye nyumba. Watazamaji laki moja, laki mbili. Mimi mwenyewe hucheka. Wengine wana kipaji kikubwa, na huyo mama mkwe namjua, nimekula ugali wake. Asili yake pia naijua. Vichekesho vyetu vya zamani, vile vya shuleni na vya baada ya mechi, vilichezwa na wanaume watupu, kwa kuwa mwanamke aliyepanda jukwaani aliitwa malaya. Mwanaume alivaa gauni kwa sababu mwanamke alizuiwa. Leo hajazuiwa. Waigizaji wa kike wamejaa mji huu, wengine mko hapa, hamna kazi, na dera mnazo kabatini.

Mwanamke akivaa kanzu kule ndani, anamwiga mwenye amri: mume, askari, bwana shamba. Kicheko kinapanda ngazi. Kijana akivaa dera anamwiga asiye na amri, kicheko kinashuka. Na mume wa yule mama mkwe, baba yake kijana, yuko wapi katika video hiyo? Ametoka. Siku zote ametoka.

Nami nimeshakuwa mshiriki wa mambo haya, sijashuka kutoka mbinguni. Mchezo wangu wa kwanza wa kulipwa, kwenye kikundi ambacho sitakitaja, nilipewa uhusika ulioandikwa: "Mke, miaka 30, mzuri." Mwenzangu wa kiume alikuwa "Mzee Mangungu, mkulima mwenye deni na siri." Nilihesabu mistari yangu. Kumi na mmoja. Minne kati yake ilikuwa "Abee." Nikafanya mazoezi ya "abee" wiki tatu, ya furaha, ya woga, ya uchovu, ya kuchukia. Mwongozaji akanisifu.

Chuo Kikuu hapa, kazi ilianza mapema kuliko watu wanavyodhani. Penina Muhando, leo Profesa Penina Mlama, alitoa Nguzo Mama mwaka 1982. Nimeusoma mchezo ule nikiwa sekondari na niliuchukia. Nguzo imeanguka, wanawake wa kijiji wanataka kuisimamisha, wanawake wenyewe hawana hata majina, ni Bi Moja mpaka Bi Nane, na wanashindwa. Wavulana darasani walifurahi mno. "Si mnaona, wanawake hawapendani!" Mwalimu akaandika ubaoni: Dhamira, wanawake hawana umoja. Tukanakili, tukafaulu.

Miaka mingi baadaye niliuongoza mwenyewe na kikundi cha vijana. Wiki ya pili ya mazoezi nikaona kitu. Kila wanawake wanaposhindwa, kuna mkono uliowavuta, na mwenye mkono kwa kawaida hayupo tena jukwaani watazamaji wanapowacheka wanawake. Nikafanya jambo moja tu: nikawakataza wanaume kutoka. Kila mwigizaji wa kiume aliyemaliza sehemu yake alirudi kwenye benchi lililowekwa kando ya jukwaa, akakaa na kikombe chake cha pombe, akatazama. Sikubadilisha hata neno moja la mwandishi. Usiku wa kwanza vicheko vilikuwepo mpaka katikati, halafu vikaanza kupungua, na kufikia mwisho watazamaji walikuwa wakilitazama benchi. Yote yalikuwa kwenye maandishi tangu 1982, sisi ndio tuliosoma tukiwa tumejikalia upande wa benchi.

Kutoka Chuo Kikuu hicho hicho, Mlama na Amandina Lihamba walianzisha TUSEME mwaka 1996, wasichana wa sekondari watunge maigizo yao kuhusu yanayowasibu shuleni, wenyewe, kwa maneno yao. FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu ya wasichana, ikaubeba mpango huo hadi nchi nyingine za Afrika. Siwezi kuueleza wote, nitasema tu kilichonivutia: jina. Hawakuuita "tuwasemee".

Maana sisi wa "kuwasemea" tuna ugonjwa wetu. Niwape mfano na mtanisamehe nikiusimulia kwa urefu.

Tulikuwa tukizunguka vijiji vya Mtwara na igizo shirikishi, msimu wa korosho. Igizo letu lilikuwa na kurasa 22 na tulijivunia. Mume kalipwa fedha za korosho, kaenda mjini siku nne, karudi na redio na shati jipya. Mke anafoka. Pale tunasimamisha mchezo, tunawauliza watazamaji: mke afanye nini? Anayetaka anakuja, anachukua nafasi ya mwigizaji, anajaribu. Tulishaandaa jibu moyoni, mtanijua: aende baraza la kata, atambue haki zake, na sisi tupige picha.

Kijana mmoja akasema amwache. Mzee akasema avumilie, mwanamke ni uvumilivu. Kisha akaja mama wa makamo, mjukuu mgongoni. Akamvua mwigizaji wetu kanga, akajitanda, akakaa kwenye kigoda. Hakufoka. Tulisubiri hadi mwigizaji wa kiume akaanza kujikuna. Yule mama akanyoosha mkono.

"Lete karatasi."

"Karatasi gani?"

"Uliyopewa chama cha msingi. Ya mzigo."

Mwigizaji wetu hakuwa nayo, igizo halikuwa na stakabadhi. Akatoa mfukoni ukurasa wa maneno yake, akampa. Mama akautazama muda mrefu.

"Hapa pameandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Nani alipalilia?"

Kimya. "Wewe."

"Nani aliokota? Nani alianika? Nani alibeba hadi ghalani?"

"Wewe."

"Basi niambie, huyu aliyeandikwa hapa, siku hizo alikuwa wapi?"

Wanawake waliokuwa chini ya mkorosho wakapiga kelele ambayo sijaisikia katika ukumbi wowote. Wanaume wa nyuma wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kiongozi mmoja wa pale akatuomba tufunge mchezo kwa kuwa adhuhuri imefika. Ilikuwa saa tano na nusu.

Kwa wasiojua: mkulima huuza korosho ghafi kupitia chama cha msingi, mzigo unakwenda ghalani, anapewa stakabadhi, mnada unafanyika, na fedha zinaingia kwenye akaunti ya mwenye jina. Mwanachama aliyeandikishwa mara nyingi ni mume. Si lazima awe mlevi, si lazima awe mwovu. Kabla hajanunua redio, fedha zilishakuwa zake kwenye karatasi. Kurasa zetu 22 zilimwandika mume mbaya na mke mwenye uchungu, tukadhani tumemaliza. Yule mama alilitaka jina, kama Siti.

Tangu siku hiyo, nikipewa mchezo kuusoma, nachukua kalamu nyekundu na kutafuta mambo madogo madogo ya kikarani. Fedha zinazotajwa humu ziko kwa nani? Nyumba ina hati ya nani? Nani anatoka jukwaani kabla ya matokeo ya alichofanya kuonekana? Wanafunzi wangu hunung'unika kwamba nageuza sanaa kuwa uhasibu. Sawa. Ila mkimaliza zoezi hilo kwenye tamthilia yoyote ya televisheni ya usiku wa leo, njooni mniambie mmempata baba wa yule mtoto.

Namalizia kwa mama, kwa sababu ndiye anayeniharibia hoja.

Mwaka juzi nilikuwa naye nyumbani, anachambua mchele, mimi naandika mambo kama haya ya leo. Nikamuuliza, "Mama, hivi wewe na Mama Pili mligombania nini zamani?"

Akaacha ungo. "Tugombane na Mama Pili? Lini?"

Nikamkumbusha ule ukumbi wa Temeke, wimbo, ile noti ya 500 aliyompepea usoni. Akaduwaa kwanza. Halafu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Mwanangu, ile noti ilikuwa ya Mama Pili. Mimi wiki ile sikuwa na hata ya chumvi. Alinikopesha asubuhi, tukapanga kabisa: yeye akae meza ile, mimi nipite pale."

"Mpange ili iweje?"

"Nyuma yake si ndiko alikokaa baba yako?"

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza kama aliirudisha ile noti.

"Mpaka leo ananidai," akasema, akarudi kwenye mchele.